Lango Liko Wazi. Je, Kiti Kipo?

TAHARIRI



Kila mwaka, mvua za vuli zinapokaribia, vyuo vikuu vya nchi yetu hupokea wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Katika parokia nyingi huo ni wakati wa furaha. Majina ya vijana waliochaguliwa hutajwa baada ya misa, jumuiya huchanga nauli, wazazi huuza mbuzi au magunia ya mahindi, na kijana hupanda basi akiwa amebeba matumaini ya ukoo mzima. Sisi tunaobaki nyumbani hushukuru na kudhani kwamba kazi imekwisha. Mtoto ameingia chuo kikuu. Mengine atayamaliza mwenyewe.

Katika toleo hili tunawaombeni tutafakari pamoja mambo mawili ambayo furaha hiyo hutufanya tuyasahau. La kwanza ni hili: ni nani ambaye hakupanda basi lile, ijapokuwa akili anayo? La pili: yule aliyepanda, anakuta nini anapofika? Kauli yetu ni moja. Kufungua lango la chuo kwa watu wote ni jambo la haki, lakini haki haijatimia mpaka kila aliyeingia apate kiti, sauti na usalama humo ndani, na mpaka jamii iwe tayari kuuliza ni kwa nini wengine hawakufika hata langoni.

Baadhi yetu watasema kwamba hayo ni mambo ya wasomi, yanayowahusu makamu wakuu wa vyuo na wizara. Hatukubaliani nao. Chuo kikuu ndicho kinachotupatia daktari wa zahanati yetu, hakimu wa mahakama yetu, mwalimu wa watoto wetu na ofisa anayegawa ardhi ya kijiji chetu. Ikiwa watu hao wote wanatoka katika kundi moja, mkoa mmoja au tabaka moja, si wao tu watakaofaidika. Na ikiwa walijifunza chuoni kuwadharau wenzao, dharau hiyo wataileta ofisini, nasi ndio tutakaosimama mbele ya meza zao.

HISTORIA INATUFUNDISHA NINI

Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru wa Tanganyika, elimu ya chuo kikuu ilianza nchini katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Chuo kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wake hawakufika 15. Kati yao mwanamke alikuwa mmoja, Julie Manning, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Sheria. Mwaka 1963 chuo hicho kiliunganishwa na Makerere na Nairobi katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Mwaka 1964 kilihamia Mlimani. Na tarehe 1 Julai 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinachojitegemea.

Mwanamke mmoja katika darasa zima! Hatuwezi kuamini kwamba Mungu aliwanyima akili binti wote wa nchi hii isipokuwa mmoja. Hesabu ile ilitokana na mambo yaliyotangulia: shule zilizokuwa chache, wazazi waliosomesha mtoto wa kiume kwanza, na binti walioozwa kabla ya kumaliza masomo. Hata kwa jirani zetu ilikuwa hivyo. Makerere ilipokea wanawake 6 wa kwanza mwaka 1945, na mpaka wakati huo kaulimbiu ya chuo iliwahimiza wanafunzi wawe wanaume. Ilipaswa kubadilishwa, maana wale wageni sita kaulimbiu ile haikuwahusu.

Wala tofauti haikuwa ya jinsia peke yake. Wamisionari walijenga shule nyingi na mapema katika baadhi ya sehemu, kama vile Kilimanjaro, Bukoba na Rungwe, na sehemu nyingine zikabaki nyuma. Huko pwani wazazi wengi Waislamu waliogopa kuwapeleka watoto katika shule za misheni wasije wakabadilishwa dini, na hofu yao haikuwa ya bure. Hivyo uhuru ulipofika, walioweza kushika kalamu ya ofisi walikuwa kwa sehemu kubwa Wakristo wa mikoa michache. Serikali ilipozichukua shule za misheni kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, wengi miongoni mwetu waliumia moyo. Hata hivyo, yafaa tukubali kwamba lengo la kuwafungulia watoto wa dini zote milango ya shule lilikuwa lengo la haki. Kwa miaka mingi baadaye nafasi za kuingia sekondari za serikali ziligawiwa kwa kuzingatia mikoa, ili mtoto wa sehemu isiyo na shule nzuri asishindanishwe moja kwa moja na mtoto wa sehemu iliyojaa shule.

USAWA NA HAKI SI KITU KIMOJA

Hapa tunafika kwenye jambo linalowatatiza wengi. Watu husema: “Mtihani ni mmoja, anayeshinda aingie, anayeshindwa arudi nyumbani, huo ndio usawa.” Maneno hayo yana sura ya haki. Lakini watoto wawili wakiambiwa wakimbie mbio moja, mmoja akiwa na viatu na mwenzake akiwa na ndoo ya maji kichwani, kuwapimia kwa saa moja si haki. Kanuni inayoonekana sawa kwa wote inaweza kuwaumiza wengine bila mtu yeyote kukusudia.

Mfano tunao nyumbani. Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, na pamoja na kuazimia elimu ya msingi kwa wote, iliamua kwamba kijana asiingie chuo kikuu moja kwa moja kutoka kidato cha sita. Alitakiwa kwanza apitie Jeshi la Kujenga Taifa, afanye kazi, kisha apate mapendekezo mazuri ya mwajiri na ya chama. Nia ilikuwa njema: msomi asiwe mgeni kwa wakulima na wafanyakazi wanaomlipia. Tena kanuni ilikuwa moja kwa wavulana na wasichana. Matokeo hayakuwa mamoja. Miaka ile ya kusubiri ndiyo miaka ambayo msichana huolewa na kuzaa, na wengi wakishaingia katika majukumu ya nyumbani hawakurudi tena masomoni. Idadi ya wanawake waliokuja Mlimani ilishuka, na baada ya muda mfupi ilibidi wasichana waruhusiwe kuingia bila kungoja. Waliotunga kanuni ile hawakuwa maadui wa wanawake. Walichokosa ni kuuliza mapema: kanuni hii itamwangukiaje yule asiye kama sisi?

Katika kurekebisha nako pana busara na pana pupa. Mwaka 1990 Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kumwongezea kila msichana anayeomba nafasi alama 1.5. Kwa muda wa miaka kama 15 hivi wanawake waliongezeka mpaka wakakaribia nusu ya wanafunzi. Hilo ni tunda jema. Lakini waliochunguza habari hiyo walibaini kwamba waliofaidika zaidi walikuwa binti wa familia zenye uwezo, waliosoma katika shule nzuri za Kampala na kandokando yake. Binti wa mkulima maskini aliyesoma shule isiyo na maabara alipewa alama zile zile 1.5, nazo hazikutosha kumfikisha. Ndiyo maana mwaka 2005 Uganda iliongeza utaratibu wa kutenga sehemu ya nafasi za ufadhili wa serikali kwa kila wilaya.

Mlimani ilichukua njia nyingine katika miaka ya 1990. Wasichana waliokuwa wamefaulu masomo ya sayansi, lakini alama zao zikapungua kidogo zisifikie kiwango cha kuchaguliwa, waliitwa chuoni kwa mafunzo maalumu ya wiki kadhaa, wakafundishwa, kisha wakapewa mtihani. Waliofaulu waliingia. Hakuna aliyepewa alama asizozitolea jasho. Walipewa kile walichokosa shuleni, yaani mwalimu, maabara na muda. Tunaona katika njia hiyo hekima kubwa. Mtu aliyenyimwa maji hukabidhiwa mtungi, naye huchota kwa mikono yake mwenyewe.

Katiba yetu ya mwaka 1977 nayo inakubaliana na mafundisho hayo. Ibara ya 11 inaitaka Serikali ifanye jitihada za kuwapa watu wote nafasi sawa na za kutosha za elimu. Ibara ya 13 inakataza ubaguzi kwa sababu ya kabila, mahali mtu alipotoka, dini, jinsia, rangi au hali ya maisha. Lakini ibara hiyo hiyo inaeleza kwamba hatua za makusudi za kurekebisha matatizo katika jamii zisihesabiwe kuwa ubaguzi. Basi anayesema kwamba kumsaidia aliyeachwa nyuma ni kuvunja usawa, aisome tena.

NDANI YA LANGO

Tuingie sasa ndani. Mwanzoni mwa mwaka 1990, Mlimani, mwanafunzi wa kike wa mwaka wa kwanza alijiua baada ya kusumbuliwa na kudhalilishwa na wanafunzi wenzake wa kiume. Wakati huo kulikuwa na kikundi kilichojificha nyuma ya jina la Punch, kilichobandika ukutani maandishi na michoro ya kuwatukana watu, na hasa wanawake waliokataa kunyenyekea. Wengi waliyaona maandishi yale kila asubuhi, wakacheka, wakaenda darasani. Msichana yule alikuwa amefaulu mitihani yote iliyomfikisha pale. Lango lilifunguliwa kwake kihalali kabisa, lakini hakupewa amani ya kukaa. Kifo chake kiliwaamsha watu, vyama vya wanawake vilipaza sauti, na baadaye chuo kiliandika sera dhidi ya unyanyasaji wa kijinsia. Ni aibu kwamba sera ilingoja jeneza.

Tusidhani kwamba mambo hayo yameisha. Ubao wa ukutani umebadilika ukawa simu ya mkononi, na tusi linaloandikwa usiku huwafikia maelfu kabla ya alfajiri. Na lipo ovu jingine, la mwalimu anayetumia kalamu ya kusahihishia kama mtego, akimtaka mwanafunzi mwili wake ili ampe alama ambazo ni haki yake. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, katika kifungu cha 25, inalitaja tendo hilo kuwa kosa la jinai. Lakini sheria haina mdomo. Msichana akitishwa kwamba “atadisko”, kama wanafunzi wanavyoita kufukuzwa kwa kufeli, na akijua kwamba nyumbani wataamini kuwa amefeli kwa uvivu au uhuni, atamwambia nani? Mara nyingi ukimya wake huanzia kwetu, katika familia ambamo jambo la aina hiyo halizungumzwi.

Wapo pia ndugu zetu wenye ulemavu. Mwaka 2009 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na mwaka 2010 ikatunga Sheria Na. 9 inayokataza wasibaguliwe, katika elimu na mahali pengine. Karatasi ni nzuri. Lakini mwanafunzi wa kiti cha magurudumu anayekuta ofisi ya kusajiliwa iko ghorofa ya tatu na lifti ni mbovu amefukuzwa na ngazi, hata kama kila mtu alimsalimu kwa upole. Kiziwi asiye na mkalimani wa lugha ya alama anahudhuria mhadhara kwa macho tu. Kipofu hupewa orodha ya vitabu kumi, na kimoja tu ndicho kilichopo katika maandishi ya nukta nundu au katika sauti. Na kijana mwenye ualbino, ambaye nchi yake imeshuhudia watu wa hali yake wakiwindwa na kuuawa kwa ushirikina, huhitaji mambo ambayo gharama yake ni ndogo mno: kiti cha mbele, karatasi ya mtihani yenye herufi kubwa, na wenzake wasiomkimbia katika chumba cha kulala. Hayo yote si hisani. Kumjengea mtu njia ya mteremko si kumpendelea, kwa sababu hata ngazi zilijengwa kwa ajili ya watu fulani, wale wenye miguu yenye nguvu.

Halafu kuna lugha. Kijana aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akaendelea katika sekondari ya kata ambako walimu wa sayansi walikuwa wawili, hufika chuoni na kukuta mihadhara yote ni ya Kiingereza. Kando yake ameketi mwenzake aliyezungumza Kiingereza tangu chekechea. Mwalimu akiuliza swali, mmoja huinua mkono; mwingine analijua jibu lakini anaogopa kuchekwa kwa kukosea sarufi. Baada ya miezi michache wote darasani, hata yeye mwenyewe, huamini kwamba hana akili. Shule za kata, zilizoenea tangu mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari ulioanza mwaka 2004, zimewafikisha chuoni maelfu ya watoto wa wakulima na wafugaji ambao zamani wasingefika. Hilo ni jambo la kushukuru. Lakini chuo kinachowapokea bila kuwapa kozi ya kutosha ya lugha, na bila mhadhiri mwenye subira, kinawapa nafasi kwa mkono wa kulia na kuichukua kwa wa kushoto.

DINI, KABILA NA MEZA MOJA

Tunajivunia, na kwa haki, kwamba katika nchi yenye makabila zaidi ya 120 mwanafunzi haulizwi kabila lake langoni. Majirani zetu wa Kenya walilazimika kutunga sheria mwaka 2008 kwamba taasisi ya umma isiajiri zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka kabila moja, na bado uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba vyuo vikuu vingi vya umma viliajiri zaidi watu wa eneo kilipo chuo. Tusiwacheke. Umoja usiotunzwa huliwa na mchwa kimya kimya. Vyama vya wanafunzi wanaotoka mkoa mmoja vina faida vinapomfariji mgeni. Vinakuwa na sumu vinapoanza kuamua nani apigiwe kura na nani apewe chumba.

Kuhusu dini, tuseme wazi. Mwaka 2005 Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro kilianza katika majengo yaliyokuwa ya TANESCO, ambayo Serikali ya Rais Benjamin Mkapa, Mkatoliki, iliwapa Waislamu kwa ajili hiyo. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, Mwanza, kilichoanzishwa na Maaskofu mwaka 1998, hupokea wanafunzi wa dini zote. Mifano hiyo yatupasa kuienzi. Lakini ukarimu hupimwa katika mambo madogo pia. Je, mtihani ukipangwa Ijumaa saa saba mchana, au Jumamosi kwa Msabato, mwanafunzi anaweza kueleza shida yake bila kuitwa mkorofi? Wakati wa Ramadhani, je, mkahawa wa chuo huwafikiria wanaofuturu jioni? Nasi tulio wengi mahali fulani, tukumbuke kwamba kwingine ni wachache, na tunavyotaka watoto wetu watendewe huko ndivyo tuwatendee wa wenzetu hapa.

PESA NA KARATASI

Tumebakiza jambo ambalo huwazuia wengi kuliko yote tuliyoyataja: umaskini. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005, imewasomesha vijana wengi ambao wazazi wao wasingeweza kulipa hata muhula mmoja. Taratibu zake huwatazama kwanza yatima, wenye ulemavu na wanaotoka katika kaya zinazosaidiwa na TASAF. Lengo hilo ni jema.

Lakini umaskini huthibitishwa kwa karatasi, na maskini ndiye asiye na karatasi. Yatima hutakiwa kuleta cheti cha kifo cha mzazi kilichohakikiwa na RITA. Baba alifia kijijini, akazikwa siku hiyo hiyo, na hakuna aliyekwenda kwa msajili. Miaka 10 baadaye mtoto wake, aliye yatima kweli machoni pa Mungu na majirani, si yatima katika fomu. Mwingine hutakiwa kupata sahihi ya serikali ya mtaa, ya wakili na ya mdhamini, kisha kujaza maombi kwa intaneti katika mji ulio mbali na kwao, naye ana siku chache tu. Mwenye baba mwenye ofisi humaliza hayo kwa alasiri moja. Na yule aliyekosa mkopo, au aliyepata kidogo, hufika chuoni na kuishi kwa kubebana, wawili katika kitanda cha mmoja, akingoja “bumu” la mwenzake ili apate kula. Mwanafunzi mwenye njaa haombi apunguziwe masomo. Anaomba tu ayasome akiwa ameshiba.

JE, KIWANGO KITASHUKA?

Wapo watu waaminifu wanaohofia kwamba mambo haya yatashusha kiwango cha elimu. Hofu yao tunaiheshimu, kwa kuwa hakuna anayetaka kupasuliwa na daktari aliyependelewa katika mtihani. Ndiyo maana tumesisitiza tofauti kati ya kumpunguzia mtu mtihani na kumwondolea kikwazo. Hatuombi mhadhiri amfaulishe asiyejua. Tunaomba asimfelishe anayejua kwa sababu amekataa uchafu, kwa sababu hakuona ubao, au kwa sababu alilala njaa. Kinachoshusha kiwango ni kuchagua wanafunzi kutoka kisima kimoja tu huku visima vingine vikiachwa vikauke. Taifa linalotafuta vipaji katika familia chache limejinyima vipaji vilivyomo katika familia nyingine zote.

WAJIBU WETU

Ndugu wapendwa, viongozi wa walei na wanajumuiya wote, tusimalize kusoma kijitabu hiki kwa kuwalaumu wakubwa. Yapo tunayoweza kuyafanya kabla ya vuli ijayo.

Kwanza, tutunze karatasi za wanyonge. Kila jumuiya ndogo ndogo iwatambue yatima walioko kidato cha tatu hadi cha sita, Wakristo na wasio Wakristo, na iwasaidie kupata vyeti vya kuzaliwa na vya vifo mapema, siyo wiki ya mwisho. Vitabu vya ubatizo na vya marehemu vilivyomo parokiani vinaweza kusaidia kuthibitisha tarehe na majina. Makatekista wavitunze vizuri na wasimzungushe anayehitaji.

Pili, tusitoe ushahidi wa uongo. Mzazi mwenye uwezo anayemwandikisha mwanawe kuwa yatima, na kiongozi anayeweka sahihi akijua, wamechukua chakula kutoka mdomoni mwa mtoto wa mjane. Huo ni wizi, hata kama umepigwa muhuri.

Tatu, walimu wastaafu na wataalamu walioko katika parokia zetu watoe masaa machache wakati wa likizo kuwafundisha Kiingereza na sayansi vijana wa shule za kata. Kile ambacho Mlimani iliwafanyia wasichana kwa wiki chache, sisi tunaweza kukianza katika ukumbi wa parokia, kwa kijana yeyote anayehitaji.

Nne, parokia zilizo karibu na vyuo ziwe nyumba ya kwanza ya mgeni. Wawepo watu wawili au watatu wanaoaminika, mwanamke akiwa mmojawapo, ambao mwanafunzi aliyetishwa anaweza kuwaeleza bila woga, nao wajue njia ya kwenda TAKUKURU, dawati la jinsia la polisi au uongozi wa chuo.

Tano, tuanze na nyumba yetu. Ngazi za kanisa letu zina njia ya kiti cha magurudumu? Shule na vyuo vyetu vina nafasi ngapi kwa mtoto ambaye mzazi wake hawezi kulipa? Katika halmashauri ya parokia, wanawake na vijana huketi wapi, na je, wakisema husikilizwa? Hatuwezi kudai chuoni tusichokitenda parokiani.

Chuo kikuu chenye watu wa kila namna si mapambo ya kuonyeshwa wageni siku ya mahafali. Ni mahali ambapo mtoto wa mfugaji wa Ngorongoro, binti wa mvuvi wa Kilwa, kijana kiziwi wa Tabora na mtoto wa mkurugenzi wa Dar es Salaam hujifunza kwamba hakuna kati yao anayeweza kuijenga nchi hii peke yake. Wakijifunza hilo wakiwa na miaka 20, tutakuwa na amani watakapokuwa na miaka 50. Wasipojifunza, amani hiyo tutaitafuta kwa gharama kubwa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika jumuiya yetu, ni vijana gani wenye uwezo wa masomo ambao hawakuendelea? Ni kikwazo gani hasa kilichowazuia, na ni kipi kati ya hivyo kilikuwa mikononi mwetu?

2. Je, binti wa familia zetu akinyanyaswa chuoni, atakuwa na ujasiri wa kutuambia? Tumefanya nini ili awe nao?

3. Ni kanuni gani katika parokia, shule au kijiji chetu inayoonekana sawa kwa wote lakini inawaumiza baadhi? Tunaweza kuirekebishaje?

4. Ni yatima au mwenye ulemavu yupi tutakayemsaidia kupata vyeti vyake kabla ya mwaka huu kwisha, na nani miongoni mwetu atakayefuatilia?